Eulalie na Tisa Zisizoisha

Jumamosi ile mashine ya Eulalie ilinyamaza ghafla, na kwa sisi tunaoishi Kadutu, kwenye mteremko ule wa Bukavu, hilo halikuwa jambo la kawaida. Mashine yake ya kushona hainyamazi. Hata akiwa anabishana na mteja kuhusu urefu wa gauni, mguu wake unaendelea kukanyaga kama vile si wake. Lakini mchana huo aliondoa mguu, akainua mkono mmoja kama mtu anayesimamisha gari, akapaza sauti:

"Cyprien, zimisha ile kitu yako! Niko nasikiliza!"

Cyprien ni mume wake. Ni seremala, na wote wawili wanafanya kazi chini ya paa moja la mabati: upande wa kushoto vitambaa, upande wa kulia mbao, na katikati pazia la plastiki ambalo kazi yake ni kuzuia vumbi la mbao lisiangukie magauni ya watu. Alizima randa yake ya umeme, akachungulia.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa. Nyamaza. Prof iko nafundisha."

Alichokuwa anasikiliza ni redio yetu. Nasema yetu kwa sababu mimi ndiye fundi mitambo pale, kwenye studio ndogo huko Nguba, na nyumba yangu iko ngazi chache tu chini ya karakana ya Eulalie. Kila Jumamosi mwalimu Hugues, anayefundisha hesabu katika shule moja ya sekondari mjini, anakuja studio na kutoa somo la nusu saa kwa wanafunzi wanaojiandaa na mtihani wa serikali. Tulidhani wanaosikiliza ni wanafunzi tu, tena wachache.

Siku hiyo Hugues alikuwa na namba ambazo zikianza haziishi. Alichukua 0,777… akaanza kuizungusha mdomoni kama pipi.

"Zéro virgule sept sept sept, na inaendelea tu, haina mwisho," alisema. "Munaogopa? Musiogope. Mbele ya yote, tuipe jina. Tuiite x. Sasa tuizidishe mara kumi. Virgule, hii koma ya desimali, inaruka hatua moja, tunapata sept virgule sept sept sept, nayo haina mwisho. Sasa angalieni vizuri nyuma ya virgule. Huku mukia wa saba, kule mukia wa saba. Ni mukia moja! Toa x ndani ya x kumi: mikia inakufa yote mbili. Kunabaki x tisa upande huu, na saba upande ule. Basi x ni saba juu ya tisa. Kitu kilichokuwa hakiishi, tumekifunga ndani ya fraksio, namba mbili tu!"

Eulalie alisimama wima. Binti yake Aimée, aliyekuwa mwaka wa tano wa sekondari upande wa sayansi, ndiye aliyenisimulia: mama yake alichukua chaki yake bapa ya kuchorea vitambaa, akatazama huku na huku akitafuta mahali pa kuandika, akapita pazia, akaandika kwenye ubao mzuri wa mninga ambao Cyprien alikuwa ametoka kuulainisha kwa ajili ya mlango wa mtu.

"Eulalie! Ile ni mulango ya mutu!"

"Itapanguka. Acha nione."

Aliandika 0,272727… Hiyo hakupewa na mwalimu, aliizua mwenyewe. Akazidisha mara kumi, akapata 2,7272…, na mikia haikulingana: huku ishirini na saba, kule sabini na mbili. Akatikisa kichwa. Akafuta kwa kiganja. Akazidisha mara mia. Sasa virgule iliruka hatua mbili: 27,2727…, na mikia ikakaa sawasawa. Akatoa. X tisini na tisa ni ishirini na saba. Ishirini na saba juu ya tisini na tisa. Akagawa kwa tisa, juu na chini. Tatu juu ya kumi na moja.

Hakuamini hapo hapo. Eulalie haamini mpaka ajaribu nguo mwilini. Aligawa tatu kwa kumi na moja, hatua kwa hatua, kando ya ubao: mbili, saba, mbili, saba, mbili, saba.

Ukelele alioutoa niliusikia siku ya pili yake, maana majirani walikuwa bado wanauigiza.

"Nimeikamata! Aimée, kuya uone! Nimeikamata na mikono yangu!"

Ili uelewe ukelele huo, lazima ujue alikotoka. Eulalie alizaliwa Walungu, mtoto wa kwanza wa mkulima wa maharage na mihogo. Shuleni alikuwa yule mtoto anayeuliza mpaka mwalimu anatazama saa. Akiwa mwaka wa tatu wa sekondari, mwalimu aligawa moja kwa tatu ubaoni, akaandika 0,33, akaweka chaki chini. Eulalie akauliza inaishia wapi. Mwalimu akasema haiishi, andika tatu mbili uache. Kabla muhula huo haujaisha baba yake alipatwa na ugonjwa wa mgongo ambao haukumwacha tena, na mtoto wa kwanza ndiye anayechukua jembe. Shule ikaishia hapo. Baadaye akaja Bukavu kwa shangazi yake, akajifunza kushona, akaolewa, akazaa. Maisha yake hayakuwa ya huzuni, tafadhali usinielewe vibaya. Ni mwanamke anayecheka kwa sauti na anayejua kazi yake. Lakini zile tatu mbili hakuwahi kuziacha. Aliniambia kwamba kila alipobonyeza hesabu kwenye simu na kuona 3333 zimejaa kioo, alihisi kama mtu aliyeona mlango umefungwa na anasikia sherehe ndani.

Na sasa mlango ulikuwa umefunguliwa.

Juma lile hakuna aliyepumzika katika karakana ile. Mteja alikuja kuchukua blauzi, akapewa blauzi na pia 0,454545… Papa Yassine, mfanyabiashara wa vitenge ambaye duka lake liko mkabala, mtu wa familia ya Uvira, mpole, mwenye kofia nyeupe kichwani siku zote, aliletewa kiti akalazimishwa kutazama.

"Papa Yassine, nipe namba yoyote inajirudia."

"Mie niko na wateja, maman Eulalie."

"Moja tu."

"Haya. Zéro virgule un deux trois, un deux trois."

"Tarakimu tatu. Basi mara elfu!" Chaki ilikimbia. "Mia moja ishirini na tatu juu ya mia tisa tisini na tisa. Gawa kwa tatu, juu na chini… makumi ine na moja juu ya mia tatu makumi tatu na tatu! Njo hiyo!"

Papa Yassine alitazama, akavua kofia, akaivaa tena. "Kumbe," alisema. Kisha, taratibu: "Nipe na mie chaki."

Ni Aimée aliyemletea ngumu. Alirudi shuleni, akaweka begi chini, akaandika 0,1666… mbele ya mama yake.

Eulalie aliharakisha. Aliona kumi na sita, akaandika kumi na sita juu ya tisini na tisa, akagawa ili ahakikishe, na ikamtokea 0,1616… Si yenyewe. Aimée alikuwa anacheka kwa chini chini. Kwake ilikuwa furaha kubwa kumwona mama yake amekwama, maana kwa kawaida yeye ndiye aliyekuwa anakwama na mama ndiye aliyekuwa anacheka.

"Moja haijirudie," Eulalie alisema mwishowe, polepole. "Ni sita tu njo zinajirudia. Hii moja imeingia mbele kama mugeni. Basi kwanza niisukume ivuke virgule." Akazidisha mara kumi: 1,666… Akazidisha mara mia: 16,666… "Sasa mikia ni sita tupu, huku na kule. Natoa kumi ndani ya mia, inabaki x makumi tisa. Kumi na sita toa moja, kumi na tano. Kumi na tano juu ya makumi tisa…" Midomo yake ikasogea. "Moja juu ya sita! Aimée! Moja juu ya sita!"

Walicheza, mama na binti, wakizunguka mashine ya kushona, mpaka Cyprien akatoka nyuma ya pazia na kuuliza kama kuna mtu amepata viza.

Basi mambo yangekwisha vizuri hapo, kama Eulalie asingekuwa Eulalie. Alikwisha kufanya moja moja zinazojirudia, mbili mbili, tatu tatu, akapanda mpaka nane nane. Zilitoka moja juu ya tisa, mbili juu ya tisa, tatu juu ya tisa, zote kwa mpangilio. Ikabaki 0,999…

X ni 0,999… X kumi ni 9,999… Toa. X tisa ni tisa. X ni moja.

Alitazama kile alichoandika. Akafuta. Akaandika upya. Ikatoka moja. Akamwita Cyprien, na safari hii Cyprien alikuja bila kulalamika, kwa sababu sauti ya mkewe ilikuwa imebadilika.

"Angalia hii. Inasema zéro virgule neuf neuf neuf ni moja."

"Karibu na moja."

"Hapana. Haisemi karibu. Inasema moja."

Cyprien aliokota kipande cha mbao na kukisogeza kwenye fremu ya mlango. "Mulango ikikosa ata unywele moja, upepo inapita," alisema. "Ile namba inakosa. Kila siku inakosa. Haiwezi kuwa moja. Prof wako amekudanganya."

Na Eulalie, aliyeupenda ufundi ule kuliko kitu chochote juma hilo, aliona mumewe anasema kweli. Njia ya mwalimu ilikuwa na tundu! Unafikiri alihuzunika? Alikuwa kama mtu aliyegundua dhahabu chini ya kitanda. Aimée alimwambia kwamba hata shuleni wanasema ni moja. Hakusikia. Alisubiri Jumamosi, na Hugues alipofungua laini za simu, simu ya kwanza niliyoipokea ilikuwa ya jirani yangu mwenyewe.

"Prof Hugues, bonjour. Niko maman Eulalie wa Kadutu, niko mushonaji. Njia yako ni nzuri sana, nilifanya nayo juma muzima. Lakini iko na tundu."

Hugues alicheka, si kwa dharau. "Tundu gani, maman?"

Akamweleza. Hugues akasema hapana tundu, maman, ile namba ni moja kweli, moja yenyewe. Eulalie akasema haiwezekani. Hugues akaanza kueleza, muda ukaisha, nikalazimika kuweka muziki. Nilipotazama mtambo wa simu, taa zote zilikuwa zinawaka pamoja. Hilo halikuwa limewahi kutokea tangu nianze kazi pale.

Usiniulize ilienea namna gani. Mji wetu una mambo makubwa ya kuhangaikia, na labda ndiyo sababu watu walilirukia hili dogo kwa njaa hivyo. Madereva wa pikipiki pale feu rouge, kwenye taa za barabarani, walibishana mpaka abiria wakachukua pande. Wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, pale soko la Nyawera walisema tisa ni tisa, hata uzipange mpaka Goma. Wanafunzi walisema ni moja, wazazi wao wakasema hamujui kitu. Jumapili baada ya misa nilisikia kwa masikio yangu mzee mmoja wa kwaya ya parokia akimwambia mwenzake: "Basi na wewe ukikosa kidogo tu kufika mbinguni, umefika?" Yassine, ambaye sasa alikuwa na chaki yake mwenyewe dukani, alisimama upande wa mwalimu. Cyprien alisimama upande wa mkewe. Barabara katikati yao ikawa mpaka.

Mkurugenzi wetu, Floribert, si mtu wa kuacha jambo kama hilo lipite. "Tumualike maman," alisema. "Yeye na prof, uso kwa uso. Saa nzima."

Siku ile Eulalie alikuja amevaa libaya, ile blauzi ya kwetu, na kitenge cha njano alichojishonea mwenyewe, mabega yamesimama kama mabawa. Alikuwa na ubao mdogo mweusi wa Aimée kwapani na chaki tatu. Nilimwekea vipokea sauti kichwani, macho yake yanawaka.

"Unaogopa?" nilimuuliza.

"Niko na furaha. Anzisha tu," alinijibu.

Hugues alimpa mkono. Ni kijana mrefu, mwembamba, shati limechomekwa vizuri. Taa nyekundu ikawaka.

Alianza yeye. "Maman Eulalie, moja juu ya tatu ni ngapi, kwa virgule?"

"Zéro virgule trois trois trois, haiishi."

"Vizuri. Zidisha mara tatu."

"Zéro virgule neuf neuf neuf."

"Na moja juu ya tatu mara tatu?"

"Moja."

"Basi?" Hugues alifungua mikono kama mtu aliyemaliza kazi.

Eulalie hakufikiri hata kidogo. "Basi ata un tiers yako, ile moja juu ya tatu, iko na mushida! Kama neuf haifikie moja, na trois haifikie un tiers. Umeniletea dada yake tu."

Hugues alipiga meza kwa kiganja, sindano ya kipimo cha sauti ikaruka mpaka kwenye nyekundu. "Maman, umenishika!" alisema, akicheka kwa moyo wote. "Ni kweli. Anayekataa hii, lazima akatae na ile. Wanafunzi wangu hawajawahi kunijibu hivyo. Haya, tuanze upya, kwa njia ingine."

Umeme ulikatika palepale. Nilirukia betri, na kwa bahati tulipotea hewani kwa muda wa kupiga chafya tu, lakini baadaye niliambiwa kwamba kwenye karakana ya Cyprien, ambako watu walikuwa wamejaa mpaka nje barabarani, muda huo mfupi ulizua kelele kama vile mtu amekosa penalti.

"Maman," alisema Hugues, sasa polepole, kama mtu anayetembea juu ya utelezi. "Unasema namba yetu ni ndogo kuliko moja."

"Ndiyo. Inakosa kidogo."

"Sawa. Inakosa ngapi? Nipe hiyo kidogo. Iandike."

Eulalie alichukua chaki. Aliandika sifuri, virgule, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. "Zéro zéro zéro nyingi," alisema, "halafu moja."

"Hiyo moja iko fasi gani?"

"Ku mwisho."

"Mwisho wa nini?"

Alinyanyua chaki ili aiandike ile moja. Mkono ulibaki hewani. Mimi nilikuwa nyuma ya kioo, na katika redio kimya ni kitu cha kuogopa, mkono wangu ulikwenda kwenye kitufe cha muziki. Floribert alinishika mkono. Acha, alinionyesha kwa macho.

Eulalie alikuwa anatazama sifuri zake. Midomo yake ilikuwa inasogea.

"Hakuna mwisho," alisema, na ilikuwa kama anazungumza na mtu aliye ndani yake. "Mie mwenyewe njo nilisema hazina mwisho. Tisa haziishi. Basi na zéro haziishi. Basi hii moja…" Aliishusha chaki taratibu. "Hii moja haina fasi ya kusimama. Kila fasi nataka kuiweka, kuko zéro. Ni zéro tupu. Pengo ni zéro."

"Na kama pengo kati ya vitu viwili ni zéro?" aliuliza Hugues, kwa sauti ndogo.

"Haiko vitu viwili!" Eulalie alisimama, waya wa vipokea sauti ukamvuta, akakaa, akasimama tena. "Haiko vitu viwili, prof! Ni kitu moja! Ni moja! Ni moja yenyewe, tumeiandika tu mara mbili! Bakadutu, munanisikia? Nilikuwa nimekosa! Ni moja!"

Nimefanya kazi ya redio kwa muda wa kutosha kusikia watu wakishinda uchaguzi, wakishinda mechi, wakipata watoto waliopotea. Sijawahi kusikia mtu akitangaza kwamba amekosea kwa furaha kama ile. Alikuwa anacheka na machozi yanashuka, na Hugues, mwalimu mwenye shati lililochomekwa, alikuwa amesimama naye anapiga makofi.

Simu ya kwanza ilikuwa ya Cyprien. Nilimtambua kabla hajataja jina, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na zomea zomea ya watu wa karakana.

"Maman Aimée! Umetuuza! Batu wote hapa benyewe walikuwa nyuma yako!"

"Papa Aimée, tafuta pengo," alimjibu. "Ukiipata, niletee nyumbani."

"Mulango yangu…"

"Mulango yako ina mwisho! Unakata, unaacha. Hii haiachi. Njo tofauti!"

Ikaja simu ya Yassine, ambaye alikuwa ndani ya umati uleule, mita chache kutoka kwa Cyprien. Kila mmoja alisikika katika simu ya mwenzake. Alisema, kwa upole wake wote, kwamba kama namba mbili si sawa unaweza kutia nyingine katikati, na kwamba yeye amejaribu tangu asubuhi kutia kitu kati ya zile tisa na moja, na hajapata hata nafasi ya kupitisha uzi. Hugues akamwambia hiyo ni hoja safi sana, papa. Kelele iliyofuata ilinilazimu kuteremsha sauti.

Lakini Eulalie alikuwa ameacha kusikiliza. Alikuwa ameinamia ubao wake, anaandika haraka. Hugues alimwendea, akatazama juu ya bega lake.

"Unafanya nini, maman?"

"Kama moja iko na majina mbili, kwa nini robo isikuwe nayo?" Alikuwa ameandika 0,24999… "Nasukuma mbili na ine zivuke virgule, mara mia: 24,999… Halafu mara elfu: 249,999… Mikia ni moja. Natoa. X mia tisa ni mia mbili ishirini na tano. Mia mbili ishirini na tano juu ya mia tisa…" Chaki ilivunjika, akaokota kipande. "Robo! Prof, ni robo! Ni 0,25! Zote ziko hivi? Kila namba inayoisha iko na ndugu yake haishi?"

"Kila moja," alisema Hugues. "Isipokuwa sifuri. Na hiyo nilikuwa nimeiweka kwa somo la mwezi ujao."

"Basi mwezi ujao utatafuta ingine," alisema Eulalie, na studio nzima ikaangua kicheko.

Alirudi nyumbani kwa miguu, ingawa tulikuwa na pikipiki ya kumpeleka. Alitaka kutembea. Kutoka Nguba mpaka Kadutu watu walimwita kutoka madirishani, wengine kumpongeza, wengine kumlaumu kwamba amewasaliti. Kwa wote alisimama, kwa wote alieleza upya, na alipofika karakana ilikuwa giza limeanza kuingia na sauti yake imekwisha kabisa. Cyprien alimpokea ubao, akamwekea kiti, akampa chai. Alisema tu kwamba kitenge kile kinampendeza.

Jumatatu iliyofuata alikwenda kuuliza kwenye shule moja inayopokea watu wazima mchana, baada ya wanafunzi wa kawaida kutoka. Wakamuuliza alifika mwaka gani. Akasema wa tatu, sikumaliza. Wakamuuliza anataka nini. Akasema anataka kumaliza. Ninavyoandika haya yuko mwaka wa nne. Mashine yake inanyamaza kila mchana, na mtaa umezoea. Kifaransa kinamsumbua, jiografia anaipenda, na mwalimu wa hesabu amemwomba aruhusu na wengine waulize. Wateja wanangoja nguo zao siku moja zaidi kuliko zamani. Wananung'unika, wanangoja.

Na Cyprien? Hakuwahi kukubali mbele ya watu. Lakini Jumamosi moja, somo likiwa linakaribia mwisho, taa ya simu iliwaka, na nikasikia sauti ninayoijua.

"Prof Hugues, bonjour. Niko Cyprien, menuisier wa Kadutu. Mie niko na ubao moja, carré, kila upande mètre moja kamili. Nimepima kutoka pembe mpaka pembe, nikafanya na calculatrice ya simu. Imeniletea 1,414213, na inaenda tu. Juma muzima natafuta fasi inaanza kujirudia, ili nitoe mikia. Siioni. Mukia yake iko wapi?"

Hugues alinitazama kupitia kioo. Uso wake wote ulikuwa unang'aa kama wa mtoto aliyeonyeshwa zawadi. Baadaye alinieleza kwamba namba ile haijirudii popote, wala haifungiki ndani ya fraksio yoyote.

"Papa Cyprien," alisema, "uko umekaa?"

Kabla Cyprien hajajibu, tulisikia kelele kwenye simu, kitu kikaanguka, na sauti ya Eulalie ikapenya kutoka upande wa pili wa pazia:

"Usikate! Muambie angoje, nakuya na chaki!"